Mstari Uliolala Pale Zahanati

Watoto wa huku mlimani ukiwaambia wachore grafu ya mwendo, wanakuchorea mlima. Sisemi kwa utani. Nafundisha fizikia katika shule yetu ya kata, juu ya Marangu, na kila mwaka Kidato cha Pili wakifika kwenye mada ya mwendo nawapa zoezi lile lile: mtu anatoka nyumbani asubuhi anakwenda shuleni, chora grafu ya umbali wake kutoka nyumbani kadiri muda unavyopita. Shule iko chini, nyumba nyingi ziko juu. Basi darasa zima, kuanzia wa mbele mpaka wale wanaosinzia nyuma, wanachora mstari unaoshuka. Ukiwauliza kwa nini unashuka, wanakushangaa wewe. "Si anashuka, madam?"

Na mimi nina hasira za karibu. Napiga ubao kwa kiganja mpaka vumbi la chaki linaniingia puani. "Grafu siyo picha ya barabara! Mstari ukipanda haimaanishi mtu anapanda!" Wananiitikia ndiyo madam, ndiyo madam, halafu zoezi linalofuata wananichorea bonde na daraja lake. Siwalaumu sana. Huku kwetu hakuna anayekuelekeza kulia wala kushoto; kila kitu ni juu na chini. Shamba la juu, kanisa la chini, ng'ombe amepitia chini, mgeni ameulizia juu. Mtoto aliyekulia hivyo, ukimwonyesha mstari uliopinda, lazima aone mahali anapopajua.

Mwaka huo ninaousimulia, binti mmoja peke yake alichora mstari unaopanda. Alikuwa mkimya, analelewa na bibi yake mzaa mama, nyumba yao iko jirani na zahanati ya kijiji. Nikamsimamia kichwani. "Wewe unakaa juu. Mbona mstari wako unapanda?" Akasimama, akajibu huku anaangalia dawati. "Umesema umbali kutoka nyumbani, madam. Nikishuka, nyumbani kunazidi kuwa mbali." Weee! Nilisikia raha ambayo mwalimu anaipata kwa nadra. Nikawaamuru wenzake wampigie makofi, wakapiga kwa uvivu.

Baadaye tukaingia kwenye grafu ya kasi, na hapo kosa kubwa ni mstari uliolala. Mtoto akiuona anasema gari limesimama, au gari liko tambarare. Siyo. Kwenye grafu ya kasi, mstari uliolala ni gari linalokwenda mwendo ule ule, halipunguzi wala haliongezi. Ukilala chini, linajikokota. Ukilala juu, linakimbia. Gari limesimama pale tu mstari unapogusa chini kabisa. Niliimba wimbo huo siku nzima, na binti yule aliuelewa tangu mara ya kwanza.

Sasa nije kwa mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu. Kwa miaka mingi alikuwa mpagazi, anabeba mizigo ya watalii mlimani, anarudi midomo imepasuka kwa baridi na shingo haigeuki. Akajinyima, akasomea udereva, na mwishowe tajiri mmoja wa mjini Moshi akampa gari la kupeleka wageni kwenye geti la hifadhi ya mlima na kuwarudisha. Mama alibeba mkungu wa ndizi mzuri kuliko yote kihambani, kwenye migomba yetu ya nyumbani, akaupeleka kanisani kutoa shukrani. Tulijua maana ya kazi ile. Mtu aliyekuwa anabeba, sasa anabebesha gari.

Halafu ikaja siku ya mvua, masika yamekolea. Alikuwa ameshusha wageni getini, anateremka na gari tupu. Kwenye kona ya chini ya zahanati akamgonga bibi mmoja aliyekuwa anavuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nyonga ikavunjika. Bibi huyo ndiye bibi wa mwanafunzi wangu.

Mdogo wangu hakukimbia. Alimnyanyua bibi wa watu mikononi mwake, akamlaza kiti cha nyuma, akamshusha mpaka hospitali ya mjini, na huko akakaa benchini mpaka ndugu wa bibi walipofika na kumfukuza kwa matusi. Trafiki alikuja, akapima barabara, akaandika PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Alipomaliza akasema kama familia mbili zitaelewana, zikamwone. Zisipoelewana, faili linakwenda mahakamani.

Kuelewana kwetu kuna njia yake. Aliyekosa anapeleka jani la isale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, na anayeletewa jani lile hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ndiyo maana watu huwa waangalifu kabla ya kukubali liletwe. Mtoto mkubwa wa bibi, mjomba wake yule binti, ana duka la pembejeo Sanya Juu, na alipanda kuja kwetu akiwa moto. Alisema jani atalipokea kama ilikuwa bahati mbaya. Kama ilikuwa uzembe, asilione hata mlangoni kwake. Na alitaka kujua jambo moja tu: gari lilipunguza mwendo pale zahanati, au halikupunguza?

Magari ya watalii yana kidude kinachofuatilia mwendo, na ofisi ya tajiri inaweza kukuchapia grafu ya kasi ya gari kwa kipande chochote cha safari. "Basi tuone mashine inasema nini," alisema yule mjomba, amesimama mlangoni kwa mama, amekataa hata kukaa. "Kama alipunguza, leteni jani lenu, yaishe. Kama hakupunguza, tutaonana kwa hakimu." Tajiri naye msimamo wake ulikuwa huo huo. Ikionekana dereva ni mzembe, aache funguo mezani.

Mdogo wangu aliapa alipunguza. Aliapa mbele ya mama, aliapa mbele ya baba mkubwa, alimwapia yule mjomba mwenyewe, na aliniapia mimi peke yangu, ananitazama machoni. Nikamwamini.

Siku moja kabla ya kikao cha familia mbili cha kuisoma hiyo grafu, jioni, nilikuwa kwa mama namkamulia ng'ombe kwa sababu mikono yake inamuuma wakati wa mvua. Mdogo wangu akaingia zizini anahema, ana karatasi kwenye mfuko wa nailoni. "Dada, nimepona!" Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu ajali. "Angalia mwenyewe. Hapa ndipo zahanati. Unaona mstari ulivyotulia? Umelala kabisa. Nilikuwa nimetulia, si niliwaambia?"

Nikanawa mikono, nikajifuta kwenye kanga, nikapokea. Mstari ulikuwa umelala kweli, lakini ulikuwa umelala juu. Ulitoka getini, ukayumbayumba kwenye zile kona za msituni, ukapanda, kisha ukanyooka, na kunyooka kwake kukapita kijijini kote, kukapita zahanati, hakuna hata mahali ulipoinamisha kichwa. Halafu ukaanguka wima mpaka chini, na ofisi ilikuwa imechapa mpaka hapo tu. Nikatazama saa zilizoandikwa chini ya mstari, nikazilinganisha na saa ya ajali. Nikarudia. Nilitafuta hata pa kudanganyikia, sikupaona.

"Mbona husemi?" akaniuliza.

"Hukupunguza."

"Mstari umelala, dada."

"Ndiyo umelala. Maana yake ni mwendo ule ule. Ulitoka nao juu, ukapita nao zahanati, na breki umekanyaga wakati umeshamfikia bibi. Hapa unapoanguka ndipo ulipomgonga." Nikamweleza tena kwa kidole, taratibu, kama ninavyomweleza mtoto aliyekosa vipindi. Nilimwona anavyoelewa. Uso ulimlegea, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tajiri alinipigia nikiwa getini," akasema. "Kuna wageni walikuwa wanavuka mpaka wa Kenya pale Holili, nikawapokee. Nilikuwa nawahi Holili." Akajishika kichwa. "Lakini haki ya Mungu, dada, nilijua nimepunguza. Naona kabisa mguu wangu kwenye breki. Kila nikifumba macho nauona."

Nilimwamini hata hapo. Sikuona uongo wowote usoni mwake. Aliogopa sana siku ile, na hofu ikamtengenezea breki ambayo hakuikanyaga. Lakini karatasi haikuwa na hofu.

"Basi kesho usije," akasema.

"Nimeitwa. Yule mjomba amesema aje mwalimu wa mtoto wao, ndiye anayezijua grafu."

"Basi njoo ukae kimya. Nani mwingine pale ataielewa?"

"Yule binti ataielewa. Nimemfundisha mwenyewe."

"Mtoto hawezi kusema mbele ya wazee." Hilo lilikuwa kweli, na alilisema kwa matumaini yaliyoniumiza.

Mama alikuwa amesimama nje ya zizi na beseni la maganda ya ndizi, sijui tangu saa ngapi. Aliingia, akaliweka beseni chini, akanitazama. "Wewe mtoto wangu. Hiyo fizikia ndiyo iliyokuzaa?"

"Mama, sijasema lolote bado."

"Sikuombi useme uongo. Mimi ni mkristo, siwezi kukuomba hivyo. Nakuomba unyamaze tu. Kunyamaza nako ni dhambi?"

Hasira zikanipanda, kwa sababu nilikuwa naogopa. "Mngeniambia mapema, ningesomea ualimu wa Kiswahili!" nikafoka, nikaacha maziwa palepale nikaenda zangu kwenye nyumba yangu karibu na shule. Nilijiambia nitanyamaza. Nikajiambia tena kuwa nikinyamaza, Jumatatu nitasimamaje mbele ya yule mtoto na chaki mkononi? Nikajibishana hivyo mpaka nikajichukia.

Kikao kilikaa sebuleni kwa bibi, mwenyewe akiwa bado hospitali, kesho yake mchana. Makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufumwa, kalenda ya kanisa ukutani, na mvua juu ya bati inayokulazimisha kupaza sauti. Mjomba alikaa peke yake upande mmoja, mikono kifuani. Upande wetu alikuwepo mama, mdogo wangu aliyevaa shati lake la kanisani, na baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wetu tangu baba afariki. Mama alikuwa na jani la isale limefungwa ndani ya kanga kiunoni. Niliiona ncha yake ya kijani, nikageuza macho. Binti alikuwa anaingia na kutoka na chupa ya chai. Nilipofika alinikimbilia mlangoni akanishikia mwavuli, akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. "Shikamoo, madam." Mjomba akamwita alete vikombe, akakimbia.

Salamu zikapita, sala ikapita. Mjomba akasema karatasi itolewe. Mdogo wangu akaitoa, na mimi nikanyoosha mkono, lakini baba mkubwa akaiwahi. "Ngoja kwanza, tuione sisi wazee." Akavaa miwani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni barabara yetu!" akasema.

Jamani.

"Njoo uone, baba," akamwambia mjomba, na mjomba akasogea. Baba mkubwa akaweka kidole mwanzo wa mstari. "Hapa ni getini. Hizi kona ndogondogo ni za msituni, unaziona? Hapa anapanda kile kilima cha kwa mzee wa kinu. Barabara ile naijua, nimeshuka nayo na kahawa kichwani kabla hujazaliwa. Sasa hapa, ona, panalala. Ni wapi panalala kwenye barabara yetu yote?"

"Zahanati," akasema mjomba, taratibu.

"Zahanati! Ile tambarare mpaka kwenye kona. Na baada ya tambarare kuna nini? Mteremko. Huu hapa." Kidole kikashuka na ule mstari wima. "Amefika tambarare, ametulia. Ameshuka kwenye kona, bibi katokeza na majani, basi. Mashine haina ukoo na mtu. Imechora kama ilivyo."

Na kwa kweli ilifanana. Hilo ndilo lililonitisha. Kila kona ya barabara ilikuwa na mwenzake kwenye karatasi, kiasi kwamba ungekuwa hujui ungeapa. Mjomba aliinama, kidole chake kikafuata cha baba mkubwa, akataja nyumba moja moja kwa majina ya wenyewe, na kila alipotaja sauti yake ilizidi kupoa. Alikuwa amekuja kutafuta adui, sasa alikuwa anasoma njia ya kwenda kwao. Mama aliupeleka mkono kiunoni, kwenye fundo la kanga. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Nikasema moyoni, imekwisha. Sijasema uongo, sijasema lolote. Watu wazima wamesoma wenyewe, wameridhika wenyewe.

Mjomba akanyoosha mgongo. Akanigeukia. "Mwalimu, ndivyo?"

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Mvua ilipiga bati, mama alinitazama kwa macho yaliyonizaa, na mimi nikatazama mlango wa jikoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Binti alikuwa amesimama pale na sinia. Alikuwa ameiona karatasi juu ya bega la mjomba wake. Alijua, nilimwona kwamba anajua. Alinikazia macho bila kupepesa, midomo ameibana. Sijawahi kutazamwa vile na mwanafunzi. Nikasikia kama ananiambia: sema, madam, mimi siruhusiwi.

"Hapana," nikasema. "Sivyo."

Baba mkubwa akavua miwani.

"Huo mstari si barabara," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Unaonyesha mwendo. Ukilala maana yake mwendo haubadiliki. Pale zahanati umelala juu, hamuoni namba hizi pembeni? Gari halikupunguza. Lilipunguza hapa, mstari unapoanguka, na hapo bibi alikuwa ameshagongwa."

Mjomba aliichukua karatasi kutoka mkononi mwa baba mkubwa, akatazama namba za pembeni, akatazama saa, akapitisha kidole upya, peke yake. Nilimwona anasoma sawasawa. Alipomaliza akaikunja akaitia mfuko wa shati.

"Asante, mwalimu," akasema. Akamgeukia mdogo wangu. "Uliniapia."

Mdogo wangu alisimama. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi anitukane. Alimwambia mjomba, "Nisamehe, kaka. Nilidhani nilipunguza." Akatoka kwenye mvua bila koti. Mama alikaza fundo la kanga yake, jani likiwa bado ndani, akamfuata. Aliponipita hakunigusa. Baba mkubwa ndiye aliyebaki nyuma kidogo, akaniambia kwa Kichagga, kwa upole mtupu, kwamba angependa nisingezaliwa na akili nyingi namna ile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Jumatatu faili likapelekwa. Leseni ikashikiliwa, tajiri akataka funguo zake. Kesi ikaanza kuahirishwa na kuahirishwa, kama zinavyofanya kesi, na mdogo wangu, ambaye hakuwa na pengine pa kupata riziki, akarudi getini kuomba mzigo. Nilikutana naye asubuhi moja barabarani, amebeba begi la mtu mwingine mgongoni na jingine kichwani, anapanda. "Habari za kazi, dada," akasema, akapita. Ningependa kusema alikuwa na kinyongo, lakini hakuwa nacho, na hilo liliniuma zaidi. Mama aliacha kuniletea maziwa. Nikienda ananikaribisha kiti, ananipa mtori wa ndizi, ananiuliza habari za shule kama anavyomuuliza mgeni.

Sikujuta, nataka nieleweke. Nililia, lakini sikujuta. Bibi wa watu alikuwa amelala hospitali na chuma kwenye nyonga, na kama dereva angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema yale yale bila kukosa usingizi. Hilo ndilo nililojiambia kila siku nikivuka uwanja wa shule. Na kila nilipoishiwa nguvu nilimkumbuka yule binti na sinia lake. Kuna mtoto mmoja duniani aliyeona kuwa nilichofundisha ubaoni nilikisema na nje ya darasa, hata kiliponigharimu. Nilimshika yule mtoto kama nguzo. Nikawa namsimamisha darasani. Mnamwona mwenzenu? Huyu anausoma mstari unavyosema, siyo anavyotaka yeye. Mpigieni makofi. Wakampigia. Yeye aliangalia dawati, nikasema ni unyenyekevu.

Tulikuwa tumeshaingia mada nyingine, ya nguvu na msuguano, siku alipobaki nyuma baada ya kipindi. Wenzake walikuwa wametoka kupanga foleni ya uji. Alisimama mbele ya meza yangu, anavutavuta mkono wa sweta.

"Madam, bibi ametoka hospitali."

"Mungu ni mwema. Anatembea?"

"Kwa fimbo. Anasema nikusalimie. Na anauliza kama kaka yako ameshapata kazi."

"Mdogo wangu," nikamsahihisha, kwa mazoea. "Bado. Bibi yako anamuulizia?"

"Kila siku. Madam, ile siku ya kikao bibi alinituma kwako. Asubuhi tulimpelekea uji hospitali, mjomba akamwambia habari za grafu. Bibi akasema yeye ndiye aliyegongwa, gari alilisikia linavyokuja, halikupunguza, hahitaji mashine. Lakini alisema kijana alimbeba mikononi, njia nzima alikuwa analia kuliko yeye, na hataki kumrudisha kwenye mizigo. Akamwambia mjomba apokee jani. Mjomba akasema bibi amechanganywa na dawa. Mjomba alipotoka nje, bibi akanishika mkono. Akasema, mwambie mwalimu wako anyamaze."

Nilikuwa nimeshika dasta. Nakumbuka nililiweka mezani, na kwamba uwanjani watoto walikuwa wanagombana kuhusu vikombe.

"Ulikuja mlangoni na mwavuli," nikasema.

"Nilitaka kukwambia pale. Mjomba akaniita. Halafu ulipoulizwa, nikawa nakutazama tu. Nilikukazia macho, madam. Nilikuwa nakuomba usiseme."

Hasira zangu, zile za karibu, zilikuja zenyewe. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Na siku zote hizi? Wiki zote hizi unaingia humu, unakaa pale mbele yangu, kwa nini hukuniambia?"

Hakurudi nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya mstari uliopanda, ndogo, inayojua inachosema.

"Ulikuwa unanisifia, madam," akasema. "Nikaona aibu kukukatiza."